Ufunguo Mfukoni mwa Baba

Kebirigo,
kwa njia ya Posta ya Kisii
3 Juni 1951

Mwanangu Abner,

Salamu zikufikie huko kwenye joto. Mama yako Nyaboke hajambo, ng'ombe hawajambo, mimi nina magoti tu. Usishangae kwamba nakuandikia Kiswahili. Haya nitakayosema ni mambo ya nyumba na mlango, na kwa lugha yetu baba na mwana hawayasemi bila mmoja wao kutazama chini. Kiswahili nilikipata kwenye Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa vita vya Wajerumani, nikibeba masanduku ya risasi za watu wengine, na kwa hicho naweza kumwambia mtu yeyote neno lolote.

Ndugu yako Onchiri analitaka shamba la juu, lile la kutoka barabarani mpaka kwenye mti wa omotembe, apande kahawa. Nikamwambia lile ni la Abner. Akanijibu mbele ya mama yako: "Abner yupi? Miaka saba Mombasa, ana nyumba gani huyo? Mtu asiye na mlango wake ataonyeshwaje pa kujenga?" Maneno hayo yaliniuma. Wewe huandika kwamba unakaa nyumba ya mawe yenye ghorofa. Mimi nimeiona wapi?

Basi nakuja, mwezi wa saba, tukishavuna wimbi. Sitaingia ndani, hilo unalijua. Tangu Onchiri aoe sijakanyaga nyumba yake, nayo iko hatua hamsini kutoka kwangu, mvua inyeshe isinyeshe. Chinsoni, hiyo heshima yetu ya baba na mwana, ni chinsoni, na baba haingii anapolala mwanawe na mkewe, hata kama huyo baba ni mzee wa kanisa la Sabato. Nitasimama nje. Mkeo Kemuma atanitolea uji, nitamwona mjukuu wangu Nyanchera, nitaona moshi wa jiko lako, kisha nitarudi niwaambie wazee wa ukoo kwamba nimesimama mlangoni kwa Abner na mlango upo. Siku hiyo nitachukua fimbo nikakuwekee alama ya nyumba.

Nitafutie pa kulala. Na unitembeze mji. Mwaka wa kumi na saba nilipita Mombasa gizani, nina namba shingoni, tukaingizwa melini kama magunia. Miaka thelathini na nne nawaambia watu kwamba nimefika Mombasa, na kumbe nilichokiona ni kisogo cha mtu aliyekuwa mbele yangu.

Mimi baba yako,
Ogari wa Mokua

*

Ghala la Mizigo, Reli,
Kilindini, Mombasa
15 Juni 1951

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na Kemuma nimemsomea mara mbili. Ameanza kufua kila kitu tulicho nacho, hata vile ambavyo hutaviona.

Mahali pa kulala papo. Utalala kwa Opondo, Mjaluo wa Kendu tunayefanya naye kazi humu ghalani. Anakaa Majengo, ana vyumba viwili na kimoja hakina mtu. Ni mtu wa Mungu, hanywi. Nimeomba ruhusa ya siku saba, na karani mkuu amenipa baada ya kunung'unika sana. Mji wote nitakutembeza, baba, mpaka uchoke wewe.

Kuhusu nyumba, ni kama nilivyoandika. Ni ya mawe na ina ghorofa. Mwambie Onchiri asubiri.

Mwanao mtiifu,
Abner

*

Kebirigo
2 Agosti 1951

Abner,

Nimefika. Magoti yamefika pia. Mama yako aliniuliza habari za safari nikamwambia nitamwambia kesho, na sasa ni siku ya nne.

Siku saba nimekaa Mombasa. Nataka uniambie wewe, karani wa Reli unayejua kuandika kila gunia linaloingia na kutoka, siku gani kati ya hizo saba nilisimama mlangoni kwako.

Nilishuka stesheni ukaniambia Opondo amepata wageni kutoka Kendu, jamaa za mkewe, watu tisa. Sawa, wageni huja. Ukaniambia umenipangia chumba kwa mama mmoja wa Kiswahili, Bi Mwanakombo, Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale. Sawa. Chumba kilikuwa kizuri, juu ghorofani, kitanda cha kamba kilichokazwa vizuri, na ufunguo wa chuma mrefu kama kiganja changu. Sikulalamika. Asubuhi ya kwanza nikakuambia twende nikasimame kwako. Ukasema, "Ni mbali, baba, jua kali, tuanze na mji." Asubuhi ya pili ukasema, "Kesho, baba." Ya tatu ukasema kivuko kimeharibika. Kumbe nyumba yako iko ng'ambo? Ya nne tukakipanda kivuko hichohicho kwenda Likoni na kurudi, hakina ubovu wowote, na ng'ambo huko hukunionyesha hata banda.

Ulinitembeza, hilo silikatai. Ulinitembeza kama mtu anayemtoa ng'ombe njiani asione majani. Nimeona vichochoro ambavyo jirani akinyoosha mkono dirishani anamsalimia jirani wa pili. Nimeona milango iliyochongwa maua na mnyororo, mlango mmoja una thamani ya boma zima la kwetu. Kila mlango wa watu wa Mombasa umenionyesha, na jina la aliyeuchonga, isipokuwa mmoja. Nimeona nguzo ya Mbaraki ambako watu wazima wanapeleka ubani kwenye mawe. Ukanipeleka Ngome ya Yesu. Nimehubiri juu ya jina hilo miaka ishirini, nikavua kofia kabla hatujafika, kisha askari wa langoni akatuambia tusogee, hapa ni jela. Jela yenye jina la Mwokozi! Nilikasirika siku ile, wewe ukacheka, nami nikacheka kidogo, tukakaa kwenye ukuta ule tukitazama maji. Nikakueleza habari za mwaka wa kumi na saba ambazo hata mama yako hazijui. Nilifikiri baada ya maneno hayo utaniambia: baba, sasa twende nyumbani. Ukasema: "Baba, utakunywa kahawa?"

Tena sikiliza. Kila jioni Kemuma aliniletea chakula pale barazani kwa Bi Mwanakombo, amemshika Nyanchera mkono, ameinamisha kichwa kama inavyopasa. Mkwe mzuri, sina neno naye. Lakini ugali ule ulifika unatoa moshi. Mimi nimekula ugali miaka hamsini na sita, najua ugali uliotembea na ugali ambao haukutembea. Nyumba yako si mbali. Ipo karibu sana, nawe umenizungusha siku saba nisiione. Kwa nini? Ni mimi unayemwonea aibu, na viatu vyangu vya ngozi ya ng'ombe? Au ni nyumba yenyewe, haipo?

Na la mwisho, hili ndilo lililoninyima usingizi tangu Voi. Chumbani kwa yule Mswahili, ukutani nyuma ya mlango, nimekuta imetundikwa ekee. Si ekee tu. Ni ekee aliyoisuka mama yako kwa ajili ya harusi yako, ile yenye mistari miwili myeusi na mmoja uliopinda kwa sababu siku ile Onchiri alimgonga kiwiko. Kikapu cha kuwekea wimbi wa bibi harusi umemuuzia mwenye nyumba wa Mombasa? Nilikigeuza, nikakirudisha msumarini, sikukuuliza. Niliogopa jibu.

Ufunguo wa mama yule nimeukuta mfukoni mwangu tulipofika Nakuru. Nilifunga chumba nikasahau kuutoa. Ninao.

Nilipofika Onchiri aliniuliza neno moja tu: "Umesimama?"

Ogari wa Mokua

*

Ghala la Mizigo, Reli, Kilindini
14 Agosti 1951

Baba,

Nimepokea barua yako na nimeinamisha kichwa. Viatu vyako sikuvionea aibu. Mungu ni shahidi yangu kwamba siku zile saba, kutembea nawe barabarani, watu wa ghalani wakinisalimia na mimi nikisema "huyu ni baba yangu," zilikuwa siku njema kuliko zote nilizopata huku.

Ekee sikuiuza. Siwezi kueleza ilifikaje pale. Nakuomba uniamini katika hilo ingawa sikupi sababu.

Nyumba ipo. Nakuomba uniamini katika hilo pia.

Ila ule ufunguo, baba, tafadhali uutume upesi, kwa rejista. Bi Mwanakombo anauhitaji sana. Mlango ule ni wa babu yake na hataki kitasa kivunjwe, na fundi aliyekuwa akichonga funguo za namna ile amekwisha kufa. Tafadhali, hata ukiwa umekasirika, uutume.

Mwanao,
Abner

*

Kebirigo
27 Agosti 1951

Abner,

Nimekuuliza maswali mawili, umenijibu "niamini" mara mbili na "ufunguo" mara mbili. Tangu lini mtu akajali kitasa cha Mswahili kuliko kikapu cha mama yake?

Njia ya mwongo ni fupi, na yako naiona mwisho wake kutoka hapa nilipokaa. Umemuuzia yule mama ekee. Labda unamdanganya na yeye. Sasa anakusumbua kwa ufunguo wake, nawe unaona haya. Vizuri. Mama yako bado sijamwambia, kwa sababu akijua atalala chini kwa uchungu.

Sasa nisikilize. Mwambie Bi Mwanakombo airudishe ekee, nami nitaurudisha ufunguo. Kitu kwa kitu. Mimi si mwizi, na ufunguo huu unanikera mfukoni, unanipiga paja kila nikitembea, lakini sitauachia mpaka nione mistari ile miwili na ule uliopinda.

Pili, wazee wa ukoo wanakutana tarehe thelathini Septemba, siku ya Jumapili. Watauliza kama nimesimama mlangoni kwako. Mimi sijapata kusema uongo mbele yao na sitaanza kwa ajili yako. Kama hakuna neno lingine kutoka kwako, shamba la juu linakwenda kwa Onchiri mpaka kwenye mti wa omotembe, na siku utakaporudi utajenga palipobaki, kama patabaki.

Usinijibu "niamini". Neno hilo nimelichoka.

Ogari wa Mokua

*

Kibokoni, Mombasa
8 Septemba 1951

Kwa Mzee Ogari wa Mokua, huko bara,

Baada ya salamu. Mimi ni Mwanakombo binti Shee, mwenye nyumba uliyolala. Nimesema kwa kinywa changu na mwandishi wa barua wa pale posta ameandika, maana mimi naandika hati za Kiarabu na wewe huzijui. Amesema barua ni ndefu. Nimemwambia aandike, nimeghadhibika.

Mwanao Abner nilimkuta ukumbini ameshika barua yako, macho mekundu. Nikamwuliza, akakataa kusema. Nikaichukua nikampa mwandishi huyuhuyu anisomee. Nisamehe kwa hilo, lakini nimo ndani ya barua hiyo, na mtu akisemwa ana haki ya kusikia. Eti nimenunua kikapu cha wizi! Mzee mwenzangu, mimi na umri huu? Nina masanduku mawili ya vyombo vya Uchina vya marehemu bibi yangu, nitatafuta nini na kikapu cha wimbi?

Kikapu kile sikununua wala sikuiba. Kimetundikwa pale na mkaza mwanao, Kemuma, miaka minne sasa, kwa sababu ukuta ule ni wake. Chumba kile ni chake na mumewe. Ndiyo nyumba yao, mzee, hawana nyingine. Nyumba ya mawe, ghorofa, kama alivyokuandikia, ila yeye ana chumba kimoja ndani yake na kodi halipi kwa kuchelewa hata siku moja. Siku ile Opondo alipopata wageni, wewe ulikuwa umo garini tayari, Mombasa yote imejaa. Mwanao akatoa nguo zake na za mkewe, akageuza godoro, akakupa wewe kitanda chake. Mkewe na mtoto wakalala kwangu. Yeye alilala barazani, kwenye jamvi, na kila alfajiri alilikunja kabla hujaamka, akazunguka msikiti akaja upya, ili umwone kama mtu atokaye mbali. Kemuma alipika uani kwangu, ndiyo maana ugali ulikuwa na moshi. Siku saba nyumba yangu nzima inanyata kama wezi ili mgeni mmoja alale vizuri.

Na shukrani yake nini? Umekwenda na ufunguo. Tangu mwezi wa saba mwanao anaingia chumbani mwake kwa dirisha, akipita juu ya paa la jirani yetu Sharifu, karani wa Reli mwenye tai shingoni, na watoto wa mtaa wanamwimbia. Kemuma na mtoto wangali wanalala kwangu. Nilimwambia: mwandikie baba yako ukweli, mficha uchi hazai. Akaniambia, "Mama, bora anione mwizi kuliko ajue alipolala." Sikumwelewa, na bado simwelewi. Kwetu mwana akimpisha baba kitanda chake hupata radhi. Ninyi kwenu hupata nini?

Mzee, leta ufunguo wa mwanao.

Mwanakombo binti Shee

*

Ghala la Mizigo, Reli, Kilindini
22 Septemba 1951

Baba,

Ufunguo umefika jana kwa rejista, umefungwa kwa kipande cha leso ya mama. Ndani hamkuwa na barua. Nikajua kwamba Bi Mwanakombo amekuandikia, nikamwuliza, akasema ndiyo, na kwamba ataandika tena akitaka.

Basi sina cha kuficha. Nimetenda jambo ambalo kwetu halitendeki. Nilikulaza, wewe baba yangu, mahali tunapolala mimi na Kemuma. Nilipokuwa ninageuza lile godoro Kemuma alilia, akaniambia, "Mpeleke hata msikitini." Lakini fikiri nilipokuwa. Nyumba za kulala wageni za hapa ni za pombe na wanawake, mzee wa kanisa angelala humo? Stesheni polisi wanafukuza watu. Nikasema moyoni, asiyejua hana kosa. Kosa nitalibeba mimi peke yangu, baba atalala usingizi wake, ataona mji, atarudi salama. Vitu vyote vya mke wangu nilivitoa. Ekee ilikuwa nyuma ya mlango, na mlango ulipofunguka ikafichika. Niliisahau.

Kisha ukaniuliza kila asubuhi nyumba yangu iko wapi. Ningekujibu nini? Kila kichochoro nilichokupitisha nilikipitia kwa sababu hakikuwa karibu na jibu. Na nilipokuwa nikikuonyesha milango ya watu nilikuwa ninaona haya ya mlango wangu.

Lakini, baba, na mimi nina hasira, nitaisema mara moja hii halafu sitaisema tena. Miaka saba mabwana wa ghala wananiita boi na sijalia. Wewe uliponiita muuza kikapu cha mama, nililia mbele ya mwenye nyumba. Unaniambia sina mlango. Unataka kumpa Onchiri shamba kwa sababu hukusimama mlangoni kwangu. Ulisimama, baba. Asubuhi na jioni, siku saba. Uliufungua na kuufunga kwa mkono wako, na ufunguo wake ulikaa mfukoni mwako miezi miwili ukikupiga paja. Kama mlango huo hautoshi, mpe Onchiri.

Sijui kama ninaruhusiwa bado kujiita mwanao.
Abner

*

Kebirigo
18 Novemba 1951

Abner,

Hasira yangu haijaisha. Nakuambia mapema usije ukasoma barua hii ukifikiri imeisha.

Barua ya Bi Mwanakombo niliisomea shambani, nimesimama. Nikaketi. Kisha nikaona nimeketi, nikasimama tena, sikujua mwili wangu niuweke wapi. Siku hiyo sikula. Nilimwendea mchungaji nikamweleza. Akaniambia kwa upole kwamba chinsoni ni mambo ya giza, kitanda ni mbao na kamba, Mungu hatazami kitanda. Nikamwambia najua, mimi mwenyewe nimefundisha hivyo katika shule ya Sabato. Lakini mchungaji hajalala kwa mwanawe. Mama yako alitaka mbuzi achinjwe kimyakimya, kama ilivyokuwa zamani. Nimekataa, mimi ni mzee wa kanisa. Yule mbuzi mweupe sijui amekwenda wapi na sijauliza.

Kinachoniwasha ni hiki. Hukuniuliza. Mimi nimelala juu ya masanduku ya risasi, nimelala kwenye matope ya Rufiji na watu wanakufa huku na huku. Ungeniambia, "Baba, nina chumba kimoja tu," ningelala barazani na wewe, jamvi moja, mgongo kwa mgongo, na asubuhi ningefurahi. Umenifanya mgeni wa heshima nikavunja heshima. Ulidhani baba yako hawezi kubeba neno "kimoja". Kwa ajili ya neno hilo tumepoteza miezi minne tukitukanana, na mama wa watu ameitwa mwizi. Mwambie nimemtumia debe la wimbi kwa gari la Jumatatu. Msamaha nimeuandika kwenye karatasi yake mwenyewe, amtafute yule mwandishi amsomee.

Tarehe thelathini wazee walikaa. Barua yako ilikuwa imefika siku mbili kabla. Onchiri akasimama akaniuliza mbele ya wote: "Baba, Mombasa ulisimama mlangoni kwa Abner?" Nikajibu, "Nilisimama." Mzee mmoja akauliza ni mlango wa namna gani. Nikasema umechongwa maua na mnyororo, kitasa cha chuma, na nyuma yake imetundikwa ekee ya Nyaboke. Wakatikisa vichwa. Hakuna aliyeniuliza nimeyaonaje ya nyuma ya mlango, ila Onchiri alinitazama, kisha akatazama chini. Amefahamu, nafikiri. Hajasema neno juu ya kahawa tangu siku hiyo, na mabati aliyabeba yeye kutoka Kisii.

Ndiyo, mabati. Shamba la juu ni lako. Nyumba yako moja nimeiingia, na hilo haliwezi kufutika. Basi sharti iwepo nyingine ambayo sitaiingia kamwe. Kesho yake nilichukua fimbo nikaweka alama, chini kidogo ya mti wa omotembe, mlango unatazama barabara. Wajenzi wamemaliza juzi. Kazi imekuwa ya taabu kwa sababu tangu kuta zilipofika kiunoni mimi sikupita tena kizingiti. Nilikaa nje kwenye jiwe nikipiga kelele. Fundi akiniuliza rafu iwe upande gani namwambia amwulize mama Abner. Mama yako anaingia, anatoka, ananieleza: dirisha liko hapa, chumba cha mtoto kiko pale. Ni vyumba vitatu. Nazijua kuta zote kwa maneno yake.

Njooni mwezi wa kumi na mbili. Kemuma aje na ekee, aitundike atakapo, mimi sitauona ukuta huo. Nitasimama nje, ataniletea uji, na nitaunywa pale pale mlangoni mbele ya ukoo wote.

Ufunguo ulio ndani ya bahasha hii ni wa nyumba yako. Fundi alitaka kunipa mimi, nikaweka mikono nyuma. Ametoka nao akampa mama yako, na mama yako ndiye aliyeutia humu.

Mimi baba yako,
Ogari wa Mokua